Unasoma Bomba au Unasoma Tangi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimepewa dakika 40 nizungumzie fikra za kimfumo, yaani kutazama jinsi vitu vinavyosukumana, na namna binadamu anavyoyabadili mazingira. Nitaanza na fumbo, na naomba kila mmoja aandike jibu lake pembeni ya karatasi kabla sijaendelea. Jibu lililo kichwani ni rahisi kuligeuza baadaye; lililoandikwa linakutazama.

Kila mwaka shughuli za binadamu humimina angani tani bilioni 40 hivi za hewa ukaa, tukijumlisha uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi pamoja na ukataji wa misitu. Tuseme kuanzia kesho dunia nzima inakubaliana kwamba kiasi hicho hakitaongezeka hata tani 1. Bilioni 40 mwaka huu, bilioni 40 mwakani, bilioni 40 miaka 50 ijayo. Je, kiwango cha hewa ukaa kilichomo angani kitapanda, kitatulia au kitashuka?

Walioandika "kitatulia" wasione haya. John Sterman na Linda Booth Sweeney waliwapa swali la jamii hii wanafunzi wa shahada za juu wa chuo cha MIT, Marekani, watu walioshiba hisabati, na wengi wao walikosea. Walichora mstari wa kiwango cha angani kwa kuiga umbo la mstari wa utoaji: huu ukinyooka, na ule ukanyooka.

Tufanye hesabu. Chukulia anga kuwa tangi. Bomba la juu linamimina tani bilioni 40 kwa mwaka. Chini kuna matundu mawili: mimea na udongo upande mmoja, bahari upande wa pili. Kwa pamoja yananyonya zaidi kidogo ya nusu, tuseme bilioni 22. Bilioni 18 zilizobaki hazina pa kwenda, zinakaa. Sehemu 1 kwa milioni ya hewa ukaa angani ni sawa na tani bilioni 7.8, kwa hiyo ukigawa 18 kwa 7.8 unapata takriban 2.3. Kila mwaka kiwango kinapanda kwa sehemu 2.3 hivi kwa milioni, na kitaendelea kupanda hata kama hakuna atakayeligusa bomba. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta sehemu 315 hivi kwa milioni. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa 280 hivi. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umeshapita 420.

Kuna mtego wa pili humo humo. Matundu hayo hayabaki na ukubwa ule ule. Bahari na mimea vinanyonya kwa nguvu kwa sababu anga imejaa kupita usawa wa zamani. Ukilipunguza bomba, baada ya muda nao unyonyaji unafifia. Ndiyo maana wanasayansi wa tabianchi wanasisitiza sifuri halisi, yaani binadamu asimimine angani zaidi ya anachoondoa, na hawaridhiki na nusu.

Msiichukue kanuni hiyo mkaipachika kila mahali. Methani ni gesi joto, yaani gesi inayozuia joto lisitoke duniani, tena kali zaidi ya hewa ukaa, lakini hukaa angani miaka 12 hivi tu kwa wastani kabla ya kuvunjwa. Tundu lake hutanuka kadiri tangi linavyojaa. Ukiishikilia methani kwenye utoaji ule ule kwa miongo michache, kiwango chake hutulia kweli. Aliyejibu "kitatulia" angekuwa amepatia, ila kwa gesi nyingine. Umbo la tangi na matundu yake ndilo linaloamua, na hilo huwezi kulisoma kwenye mstari wa bomba.

Sasa majina. Kinachojaa na kupungua tunakiita limbiko. Kinachoingia na kutoka ni mtiririko. Kuvitofautisha kuna jaribio moja ambalo halijawahi kunyima jibu: simamisha saa. Muda ukigandishwa, kitu unachoweza bado kukihesabu ni limbiko: miti iliyosimama, samaki waliomo majini, chumvi iliyomo udongoni. Kitu kinachotoweka muda ukiganda ni mtiririko: miti inayokatwa kwa mwaka, samaki wanaovuliwa kwa siku. Ukiwa na shaka, tazama kizio. Limbiko lina tani au idadi, basi. Mtiririko daima unafuatwa na "kwa siku" au "kwa mwaka". Nakisi ya bajeti ni mtiririko, deni ni limbiko, na wapo wasomaji wa habari wanaovichanganya kila jioni.

Ugawe limbiko kwa mtiririko unaotoka, unapata muda wa ukaaji. Tangi la lita 1,000 linalotoka lita 10 kwa saa lina muda wa saa 100. Kama utokaji unategemea wingi uliomo, basi baada ya muda mmoja wa namna hiyo, hatua 63 kati ya kila 100 za mabadiliko zimekwisha. Baada ya mara tatu yake, 95. Nambari hizo mbili, 63 na 95, ziandikeni. Zinakwambia usubiri kiasi gani kabla ya kuhukumu kwamba hatua fulani imeshindwa. Miradi mingi ya mazingira hufungwa kabla ya muda mmoja wa ukaaji kupita, kisha ripoti inaandikwa kwamba haikufaa.

Niende baharini. Kwenye pwani ya Newfoundland, Kanada, chewa wa Atlantiki walivuliwa kwa karne kadhaa. Mwaka 1968 mavuno yalifika kilele, tani 800,000 hivi, meli za kigeni zikiwa ndizo zinazoongoza. Mwaka 1977 Kanada ikatanua mamlaka yake hadi maili 200 za baharini, meli za kigeni zikaondolewa, na ikatarajiwa samaki watarudi. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi huo ukafungwa. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka 2. Ilikuja kuondolewa rasmi, tena kwa uvuvi wa kiasi kidogo, mwaka 2024.

Watu hawa hawakukosa takwimu, walikuwa nazo tele. Tatizo lilikuwa ni kipimo gani kilichotegemewa. Moja ya takwimu zilizotumika kukadiria samaki waliobaki ilikuwa mavuno ya meli kwa kila saa ya kukokota wavu. Fikiri kinachotokea. Chewa wakipungua hawasambai kwa usawa kama sukari kwenye chai. Hukusanyika pale maji yanapowafaa. Manahodha nao hawatupi wavu kwa bahati nasibu: wana vifaa vya kupima kina kwa sauti, wanakumbuka walipopata jana, na kila mwaka vifaa vinakuwa bora. Kwa hiyo mavuno kwa saa yanabaki mazuri huku bahari ikikauka samaki. Wavuvi wa karibu na ufuko, wenye mitego isiyohama, walikuwa wanalalamika tangu miaka ya 1980 kwamba samaki ni wachache na wadogo. Mtego usiohama ni kipimo cha tangi. Meli inayowinda ni kipimo cha bomba. Vipimo viwili vikipingana namna hiyo, ugomvi wenyewe ndio habari, na ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu linajirudia kila mahali. Kisima kinachotoa maji kwa kasi ile ile kwa kuwa pampu imeongezwa nguvu kinaficha kina cha maji kinavyoshuka. Shamba linalotoa gunia zile zile kwa kuwa mbolea imeongezwa linaficha udongo unaokwisha. Teknolojia inayoboresha bomba ndiyo hiyo hiyo inayofanya tangi lisionekane.

Sasa tuchore. Nitatumia Ziwa Victoria, kwa sababu lina karibu kila aina ya mzunguko tunaouhitaji, yaani mlolongo wa sababu na matokeo unaorudi ulipoanzia.

Hatua ya kwanza ni kuchora grafu ya muda kabla ya kuchora mshale wowote. Mlalo weka miaka, wima weka kitu kimoja kinachokusumbua, na chora umbo lake: kilipanda, kikapinda, kikaporomoka? Mchoro wa mizunguko unaoanza bila grafu huishia kuwa picha ya buibui, kwa kuwa hujui unaeleza nini. Kwa ziwa hili umbo ni hili: sangara walipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa miaka kama 20 hakikuonekana kikubwa. Halafu miaka ya 1980 sangara wakafumuka, na furu, wale samaki wadogo wa spishi mamia kadhaa waliokuwa hawapatikani kwingine duniani, wakaporomoka. Inakadiriwa spishi 200 hivi zilitoweka. Tulivu miaka 20, kisha ghafla. Umbo hilo tayari linanong'ona kwamba kuna mzunguko wa kukuza ndani yake, yaani unaoongeza nguvu mabadiliko yaliyokwisha kuanza.

Hatua ya pili ni kuorodhesha vitu vinavyoweza kupanda na kushuka, na kuviandika kama viasi. Hapa ndipo wanafunzi wengi tunapoanguka. "Mazingira" si kiasi. "Serikali" si kiasi. "Uharibifu wa misitu" nao unachanganya, kwa sababu neno lina mwelekeo ndani yake: uharibifu ukipungua maana yake nini, misitu imerudi au imeharibiwa polepole? Andika "eneo lenye miti", hekta. Andika "fosforasi ziwani", tani. Kama huwezi kukitajia kizio hata cha kubuni, kiondoe.

Hatua ya tatu, mishale na alama. Mshale kutoka A kwenda B una alama ya jumlisha kama A akipanda B anakuwa juu kuliko ambavyo angekuwa; una alama ya kutoa kama B anakuwa chini kuliko ambavyo angekuwa. Maneno "kuliko ambavyo angekuwa" si mapambo. Miti ikipandwa mingi, udongo unaosombwa unaweza bado kuongezeka mwaka huo kwa sababu mvua imezidi. Alama inabaki ya kutoa.

Twende. Sangara ana mafuta mengi. Furu na dagaa hukaushwa juani, sangara hakauki hivyo, anahitaji kubanikwa kwa moshi au kukaangwa. Kwa hiyo sangara wakivuliwa wengi, kuni zinahitajika nyingi: jumlisha. Kuni zikiongezeka, eneo lenye miti hupungua: kutoa. Miti ikipungua, udongo unaosombwa na mvua huongezeka: kutoa. Udongo ukisombwa, fosforasi ziwani huongezeka: jumlisha. Fosforasi ikiongezeka, mwani huongezeka: jumlisha. Mwani ukifa huzama na kuozeshwa na bakteria wanaotumia oksijeni, kwa hiyo oksijeni ya kina kirefu hupungua: kutoa. Oksijeni na sangara: jumlisha. Sangara waliomo na sangara wanaovuliwa: jumlisha, na tumerudi tulipoanzia.

Hesabu alama za kutoa. Ziko tatu. Idadi ikiwa witiri, mzunguko ni wa kusawazisha, yaani unapinga mabadiliko. Ikiwa shufwa, au zikikosekana kabisa, ni wa kukuza. Huu basi ni wa kusawazisha, na hapa mwanafunzi mgeni hushangaa, maana alitarajia maangamizi kila mahali yawe ya kukuza. Kusawazisha si sifa ya wema. Mzunguko huu "unasawazisha" kwa kuuburuza uvuvi chini hadi ulingane na ziwa lililochoka. Homa nayo husawazishwa, wakati mwingine kwa mgonjwa kufa.

Wa kukuza umejificha ndani ya huo, na ni mfupi. Baadhi ya furu walikuwa wakila mwani na mabaki yanayooza. Furu wakipungua, mwani unaongezeka: kutoa. Mwani ukiongezeka, oksijeni inapungua: kutoa. Oksijeni ikipungua, furu wanapungua: jumlisha. Kutoa mbili: shufwa. Mzunguko wa namna hii huenda upande wowote uliousukumia. Zaidi ya hayo, furu huchaguana kwa rangi. Maji yakishakuwa na ukungu, jike haoni rangi ya dume vizuri, spishi zilizotenganishwa na rangi tu zinaanza kuchanganyika. Nani angedhani ukataji wa kuni ungefika hadi kwenye macho ya samaki jike?

Ongeza na mzunguko wa soko: samaki wakiadimika bei hupanda, kutoa, bei ikipanda nyavu huongezeka, jumlisha, nyavu zikiongezeka samaki huadimika, kutoa. Shufwa tena. Kinachopaswa kuukata ni kanuni za uvuvi, na kwa sangara iliwekwa kanuni ya urefu: asivuliwe aliye chini ya sentimita 50 wala aliye juu ya 85. Kiwango cha chini kila mtu anakielewa. Cha juu ndicho chenye akili, kwa sababu jike mkubwa ndiye anayetaga mayai mengi zaidi, na hulilinda limbiko.

Gugu maji lilipoingia ziwani, mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta meza imeandaliwa: fosforasi na naitrojeni tele. Lilifika kilele miaka ya 1990, na likapunguzwa kwa mbawakawa wa jenasi ya Neochetina walioachiwa walile, hali ya hewa ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 ikichangia. Hata hivyo, gugu ni mtu wa mwisho kwenye foleni. Ukiling'oa lote leo na kuiacha fosforasi, utakuwa umefuta nafasi kwa ajili ya mmea mwingine.

Hatua ya nne, inayorukwa karibu na kila mtu, ni kuweka alama ya kuchelewa kwenye kila mshale unaohitaji muda. Chora mistari miwili mifupi kukata mshale, kisha andika makadirio: siku, miezi, miaka, miongo. Kutoka kuni hadi miti, miezi. Kutoka udongo hadi fosforasi, msimu. Kutoka fosforasi kuingia hadi fosforasi kutoka, miongo mingi, na sababu yake inafurahisha. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria huingia kama mvua na kutoka kama mvuke. Mvuke haubebi fosforasi. Kinachoweza kuitoa kwa wingi ni Mto Nile, samaki wanaovuliwa, na tope la chini, na tope hilo lina tabia yake.

Tabia ya tope. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo la Ontario, Kanada, linalojulikana kama Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakaweka kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakaweka kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani, mwingine ukabaki kama ulivyo. Picha yake kutoka angani ilimaliza ubishi mkubwa wa wakati ule. Lakini kujua kinachochafua hakukwambii kusafisha kutachukua muda gani. Tope lenye oksijeni hushika fosforasi kwa msaada wa chuma. Oksijeni ikiisha, chuma huiachia, fosforasi inapanda tena majini, inalisha mwani, mwani unamaliza oksijeni. Kwa hiyo ziwa lililogeuka kijani kwenye kiwango fulani cha fosforasi halirudi safi ukifika kiwango kile kile ukishuka. Lazima ushuke chini zaidi sana. Njia ya kwendea si ya kurudia. Anayepanga bajeti ya kusafisha ziwa kwa kutumia kizingiti cha kulichafua atapungukiwa, na hataelewa kwa nini.

Ziwa Erie linaonyesha upande mwingine. Baada ya makubaliano ya Marekani na Kanada ya 1972, fosforasi iliyoingia ilipunguzwa kweli, hasa ya majitaka na sabuni, na ziwa likapata nafuu. Kisha mwani ukarudi, safari hii ukilishwa zaidi na fosforasi iliyoyeyuka kutoka mashambani. Agosti 2014 wakazi wapatao 400,000 wa mji wa Toledo, Marekani, na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wala wasiyachemshe, kwa kuwa sumu ya mwani huo haiondoki kwa kuchemsha. Jumla ya fosforasi ilikuwa kipimo kizuri kwa tatizo la zamani. Tatizo likabadilika, kipimo kikabaki.

Kuhusu mipaka ya mchoro nitasema kwa ufupi. Dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki ilipewa ng'ombe India na nchi jirani. Kwenye mchoro wa daktari wa mifugo kulikuwa na ng'ombe, dawa, nafuu. Tumbusi hawakuwemo. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kushindwa kazi, na kati ya 1992 na 2007 tumbusi wa mgongo mweupe walipungua India kwa zaidi ya asilimia 99. Sababu ilijulikana mwaka 2004, matumizi kwa mifugo yakapigwa marufuku 2006. Mizoga ilibaki kwa mbwa, na mbwa hueneza ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Swali la kujiuliza kabla ya kufunga mpaka ni hili: kitu hiki kikimaliza kazi yake, kinakwenda wapi, na nani anakila?

Mfano wa kutupa moyo, na wenyewe una kovu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi klorofluorokaboni, gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, zinavyoweza kula tabaka la ozoni. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake wakatangaza upungufu mkubwa juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini 1987. Kemikali moja ya kundi hilo, CFC-12, ina maisha ya miaka 100 hivi angani. Tumia nambari yetu ya 63 na utaona kwamba hata bomba lingefungwa kabisa siku hiyo, baada ya karne nzima ingebaki asilimia 37. Kwa hiyo ozoni ya Antaktika inatarajiwa kurudi hali ya 1980 kwenye miaka ya 2060. Mkataba ulifanya kazi vizuri sana, na bado waliousaini wengi hawatauona mwisho wake. Kovu ni hili: gesi mbadala zilizochukua nafasi, hidrofluorokaboni, haziili ozoni lakini ni gesi joto zenye nguvu. Ikabidi nchi zikutane Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza nazo, na kuziondoa hizo kunatarajiwa kuepusha hadi nusu digrii ya ongezeko la joto ifikapo 2100. Ninachokipenda kwenye mkataba huu ni kwamba uliandikwa ukiwa na mlango wa kurekebishwa. Waliouandika walijua hawajui kila kitu, wakaweka mahali pa kuingizia maarifa ya baadaye.

Hilo linatufikisha kwenye swali la wapi pa kugusa. Donella Meadows, mtaalamu wa mifumo, alipanga ngazi 12 za mahali pa kuingilia mfumo, na nambari, yaani viwango, kodi na faini, aliziweka chini kabisa. Juu yake ziko kuchelewa, nguvu za mizunguko, nani anapata taarifa, kanuni, malengo, na hatimaye mtazamo unaozaa malengo hayo. Nakubaliana naye kwa sehemu. Mwanafunzi akiisoma orodha hiyo huwa anakimbilia kileleni, anaandika "tubadili mtazamo wa jamii", na mchoro wake unaishia hapo kwa kuwa hakuna anayejua Jumatatu afanye nini. Ngazi ya taarifa ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Mtego wa wale wavuvi wa Newfoundland ulikuwa na taarifa. Haukuwa na mshale unaofika mezani kwa mwamuzi.

Wakati mwingine hata muundo mgumu wa matofali na udongo hugusika. Bahari ya Aral, ziwa la chumvi la Asia ya Kati, mwaka 1960 ilikuwa na kilomita za mraba 68,000 hivi, karibu sawa na Ziwa Victoria la leo. Mito yake, Amu Darya na Syr Darya, ilielekezwa kwenye pamba kwa mifereji mingi ya udongo mtupu iliyovujisha maji njiani, na ifikapo 2007 ilikuwa imebaki sehemu 1 kati ya 10 hivi. Kuokoa yote kungehitaji kurudisha mito yote miwili. Kazakhstan ikauliza swali dogo zaidi: maji ya Syr Darya peke yake yanaweza kujaza tangi la ukubwa gani? Jibu likawa sehemu ya kaskazini tu, ikizuiwa isimwagikie kusini. Bwawa la Kok-Aral, lenye urefu wa kilomita 13 hivi, lilikamilika 2005. Maji yalipanda haraka kuliko ilivyotarajiwa, chumvi ikapungua, samaki wa maji baridi wakarudi na wavuvi nao. Kusini kuliendelea kukauka, na bwawa lenyewe ni sehemu ya sababu. Hapana hila ya kulificha hilo kwenye mchoro: mshale unaoingia kaskazini umekatwa kutoka kusini.

Makosa machache ya mwisho, haraka haraka, kwa wanaokwenda kuchora wiki hii. Vitu 60 kwenye ukurasa mmoja havielezi chochote; anza na 8, ongeza pale tu grafu yako ya muda inapokataa kuelezeka. Msichore mshale kwa sababu vitu viwili hupanda pamoja. Eleza kinachosukuma kwa mkono wake. Mkiona ufanisi umeongezeka, msidhani matumizi yamepungua: mwanauchumi William Stanley Jevons aliliona hilo kwa makaa ya mawe tangu 1865, mashine bora zikifanya makaa yatumike mengi zaidi. Na mkimaliza, mpeni mchoro mtu anayefanya kazi kwenye mfumo huo, mvuvi, mkulima, fundi wa maji, muulize mshale upi ni uongo. Kwa kawaida atauonyesha kabla hujamaliza kueleza alama.

Karatasi kubwa ziko pale nyuma, na kalamu za rangi mbili: bluu kwa malimbiko, nyekundu kwa mitiririko. Kila kundi lianze na grafu ya muda. Atakayeanza na mishale nitaichukua karatasi yake.